Gwil Mkate na Gwil Kondoo

Uliniacha wiki iliyopita nimesimama kwenye ngazi za kanisa, birika kubwa la kwaya limenielemea kifuani, na Bi Hefina ananitazama kutoka dirishani kwake ng'ambo ya barabara.

Kama hukuwapo, usijali. Nitakusimulia upesi, maana aibu ile haihitaji kukaangwa mara mbili.

Mbunge wetu, Gwilym Jones, alipewa zawadi ya kondoo dume na kampuni moja ya chakula cha mifugo. Kondoo wa mashindano, jina lake Jenerali. Baadaye Mbunge akasimama bungeni London, akakisifu chakula kile kama vile anakila yeye. Kondoo hakumtaja. Wenzake walipogundua, wakamsimamisha.

Sheria iko hivi: mbunge akisimamishwa muda mrefu, hufunguliwa chumba, na wasiomtaka tena huenda kutia saini. Wakifika mmoja katika kila kumi, kiti kinakuwa wazi. Wanaompenda hawana pa kusaini. Wao hukaa nyumbani tu. Kwa hiyo ukionekana unaingia chumba kile, hakuna haja ya kuulizwa umefuata nini.

Chumba chenyewe kilikuwa kile cha nyuma ya kanisa letu. Nami niliingia kufuata birika la kwaya. Naapa. Birika tu.

Kufika jioni, bonde zima la Cerwyn, huku kwetu Wales, lilijua kwamba Eluned, msaidizi wa shule ya watoto wadogo, binti wa mwoka mikate, amemsaini baba mkwe wake mtarajiwa. Maana Mbunge huyo ndiye baba yake Ifan, na Ifan ndiye aliyenivisha pete.

Kiti kikawa wazi. Uchaguzi mdogo ukatangazwa. Na sheria ile ile iliyomtoa inamruhusu kugombea tena, basi akagombea. Chama chake kilimkana, akasimama kama mgombea binafsi. Kisha akanitumia ujumbe kwa kinywa cha mwanawe.

"Baba anasema hakuna harusi mpaka arudi bungeni," Ifan aliniambia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema baba ana shamba, na mimi sina hata bata."

"Ifan!"

"Natania. Nitakuoa hata kwenye banda la kuku, na kuku wawe mashahidi. Lakini mama analia, Luned. Anataka harusi ya kanisani na mzee akiwa kiti cha mbele. Msaidie ashinde, yaishe."

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo. Ndilo tatizo langu lote, na kama unafuatilia hadithi hii tangu mwanzo, unajua.

Sasa kuna jambo moja lazima ulielewe kuhusu kwetu. Watu ni wengi na majina ni machache. Ukirusha jiwe sokoni, likimkosa Jones litampata Evans. Ndiyo maana kila mtu ana jina la kazi yake au la kituko chake. Baba yangu anaoka mikate, basi ni Gwil Mkate. Mchimba makaburi ni Idris Kaburi. Bi Hefina ni Hefina Dirisha. Baba yake Ifan alikuwa Gwil Bunge, na tangu habari ya yule dume, amekuwa Gwil Kondoo.

Lakini jina la namna hiyo hulisikii mpaka umegeuza mgongo. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kulitamka mbele yake.

Umeona? Gwil Mkate na Gwil Kondoo. Baba yangu na baba yake Ifan. Hawana undugu wowote, lakini cheti cha ubatizo cha kila mmoja kinasema Gwilym Jones.

Mimi sikuona. Nilisoma chuo, na sikuona.

Siku ya kwanza ya kampeni niligonga mlango wa Idris Kaburi.  Mbele ya watoto wadogo mimi ni simba, mbele ya mtu mzima nageuka panya.

"Samahani, Mzee Idris. Nimekuja... naomba... umpigie kura Gwilym Jones."

Idris alinitazama kama nimemwambia mvua imeacha kunyesha Wales.

"Gwilym Jones?"

"Ndiyo."

"Anagombea?"

"Anagombea."

"Na wewe mwenyewe, na haya zako zote hizo, umekuja kumwombea?"

"Ndiyo, mzee."

Idris akavua kofia. "Nilisema mimi! Miaka yote nimesema, mtu yule anafaa! Mwambie kura yangu anayo, na ya mke wangu anayo, na kama wateja wangu wangeruhusiwa, ningemletea na za kwao."

Nikaondoka nikiruka madimbwi. Kumbe watu wamemsamehe!

Mlango wa pili, furaha. Mlango wa tatu, wakanipa mayai. Wa nne, mama mmoja akanishika mashavu, akasema, "Mtu mwenye mikono misafi kama ile, bungeni ndiko kwake." Nikafikiri, mikono misafi? Lakini nani anabishana na baraka? Wa tano walinikalisha kwenye kochi, wakanilisha keki za zabibu mpaka kifungo cha sketi kikanitoka.

Nilizunguka kijiji chetu na viwili vya jirani. Kila mahali ni "tutampa!" na "saa imefika!" Nikaanza kuhisi nina kipaji. Nikamwona Ifan akilini amevaa suti ya harusi. Nikachagua maua kichwani.

Mwisho nikafika kwa Hefina Dirisha. Hakusubiri nigonge.

"Nimeshasikia!" akasema. "Kura yangu atapata. Lakini niambie kitu kimoja, mtoto. Asubuhi tanuri atawasha nani?"

"Tanuri gani, bibi?"

"La mikate! Baba yako akienda London, sisi huku tutakula nini?"

Msomaji wangu, nilisimama pale mlangoni kama mti wa uzio.

Binti wa Gwilym Jones anapita nyumba kwa nyumba kumwombea kura Gwilym Jones. Mtu mwenye akili timamu angefikiria Gwilym Jones yupi?

"Bi Hefina," nikasema, "sikiliza, mimi sikumaanisha..."

Lakini alikuwa ameshashika simu.

Nikakimbia dukani kwa baba. Nilisikia kwaya kabla sijaona mlango. Waimbaji wote walikuwa wamejazana mbele ya kaunta, wanaimba kwa sauti nne, na baba yangu amesimama katikati yao na unga mpaka kwenye viwiko. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Luned. Kwa nini hukuniambia?"

"Baba, mimi..."

"Umezunguka bonde zima kwa ajili yangu. Wewe! Wewe niliyekutuma posta kununua stempu ukarudi na bahasha, kwa sababu uliona aibu kumsahihisha yule bwana."

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema: huyu mtoto mwacheni, siku atakayofungua mdomo atafungua kwa jambo kubwa."

 Akajifuta macho kwa mkono wenye unga, na machozi na unga vikawa donge.

Ungefanya nini wewe?

Nilimkumbatia. Nikanyamaza.

Idris, naye akiwa kati ya waimbaji, alipata saini kumi za wadhamini anazohitaji kila mgombea, palepale kwenye kaunta, kabla mkate wa jioni haujaumuka. Wakampeleka baba kwa msimamizi wa uchaguzi, Bwana Pemberton, Mwingereza mpole aliyehamia kwetu majuzi na ambaye lugha yetu inampa maumivu ya kichwa.

"Karatasi ya kura itakuwa na Gwilym Jones wawili," Bwana Pemberton akamwambia. "Unaruhusiwa kutumia jina unalojulikana nalo."

Baba akajivuta shati. "Bwana, siendi bungeni na jina la mkate. Andika jina nililobatiziwa."

Bwana Pemberton alikuwa amempa Gwil Kondoo ruhusa ile ile asubuhi. Wanasema ilibidi wamshikie kiti asikirushe.

Basi karatasi ikachapwa hivi: Gwilym Jones, mgombea binafsi, Barabara ya Kanisa. Na chini yake: Gwilym Jones, mgombea binafsi, Barabara ya Kanisa. Namba za nyumba zilikuwapo, lakini huku namba za nyumba anazijua mleta barua tu.

Jioni ile niliitwa jikoni kwa akina Ifan.

Gwil Kondoo alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama yuko bungeni. Mkewe alikuwa anakata vitunguu, au ndivyo alivyotaka tuamini kuhusu yale machozi.

"Binti," mzee akaanza, "nilifikiri ulipomaliza kunisaini umemaliza. Kumbe ulikuwa unaenda kunizalia pacha!"

Ifan akacheka puani. Baba yake akamgeukia. "Na wewe unacheka nini?"

"Sicheki, baba. Ni vitunguu."

"Mzee," nikasema, "birika..."

"Birika gani?"

"Alifuata birika kanisani, baba," Ifan akasema. "Nimekwambia mara ngapi?"

"Mwanamke anapita mbele ya maofisa, mbele ya kalamu, mbele ya jina langu, halafu anatoka na birika? Mimi ni mtoto?" Akavuta pumzi, akashusha sauti. "Sawa. Nimefikiri. Siku ya kuhesabu kura utakuwa wakala wangu. Utavaa utepe wangu wa kijani, utasimama upande wangu, na bonde zima likuone. Unasemaje?"

Ungedhani nimejifunza.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amekaa mezani na utepe wa manjano, rangi ya ganda la mkate.

"Luned, nimeshapeleka jina lako. Utakuwa wakala wangu wa kuhesabu. Nani mwingine tena?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Nikaenda kutafuta koti langu pana kuliko yote.

Kampeni yenyewe sijui niisimulieje bila kucheka. Vyama vikubwa vilileta watu wao kutoka mbali, na kamera, na viatu visivyojua tope. Hakuna aliyewasikiliza. Watu walikuwa barabarani wakimsubiri Gwil Kondoo, apite na gari lake lenye vipaza sauti.

"Mchagueni Gwilym Jones!" gari linanguruma. "Gwilym Jones, mtu wenu! Gwilym Jones, mwana wa bonde!"

Na nyuma yake, taratibu, linakuja gari la mikate. Baba yangu ameshusha kioo, anapungia mkono kulia na kushoto, na watu wanampigia makofi.

Hakuhitaji kipaza sauti. Cha mwenzake kilitosha wote wawili.

Gwil Kondoo alipogundua, akasimamisha gari, akashuka. "Gwilym, unanifuata!"

"Gwilym," baba akamjibu, "hii ndiyo njia yangu ya mikate tangu ulipokuwa shule. Wewe ndiye unanitangulia."

Siku ya kura ikafika, na hapa lazima nitubu kitu.

Niliingia kwenye kibanda cha kupigia kura na ile penseli ndogo iliyofungwa kamba. Nikatazama karatasi. Gwilym Jones wa juu alikuwa harusi yangu. Gwilym Jones wa chini alikuwa baba yangu, aliyenisuka nywele kwa vidole vya unga mama alipoondoka. Mkono ukaenda juu. Ukarudi chini. Nje mtu akakohoa, foleni ni ndefu.

Nikaweka alama yangu katikati. Juu ya mstari wenyewe unaowatenga.

Halafu, kwa kuwa nilijisikia vibaya, nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: samahani.

Kura zilihesabiwa kesho yake asubuhi, kwa sababu masanduku ya milimani huchelewa kushuka. Paa pekee la kutosha watu wote ni banda la mnada wa mifugo. Wahesabuji walikaa kwenye meza ndani ya uwanja wa kunadia, sisi wengine tukapanga mstari kwenye vizuizi, na banda la pili lilikuwa na kondoo halisi wa mnada wa alasiri, wanaosema maoni yao kila mara.

Mimi nilikuwa ndani ya koti langu, nimelifunga mpaka kidevuni. Kijani upande wa moyo, manjano upande wa pili. Nilikuwa naiva kama viazi.

Watu wa vyama vikubwa waliachwa mapema. Yakabaki marundo mawili, yanakua pamoja kama mapacha wanaolishwa bakuli moja. Wahesabuji wakamaliza. Wakanong'ona. Wakarudia. Wakamaliza tena.

Kura zilikuwa sawa. Sawasawa kabisa, bila moja ya kuzidi.

Bwana Pemberton akawaita wagombea na mawakala, tuangalie kura zenye utata. Na jamani, watu wa kwetu ni wasanii. Wengine hawakuweka alama, walichora. Wawili walichora mkate mbele ya jina la chini, zikakubalika. Wawili wengine walichora kondoo mbele ya jina la juu, mmoja ana pembe. Gwil Kondoo akaitazama michoro ile kwa muda mrefu.

"Ni... wingu," nikamwambia.

"Ni wingu lenye pembe," akasema. Lakini kura mbili zikawa zake, na hesabu ikabaki sawa.

Ikabaki karatasi moja. Bwana Pemberton akaiinua kwenye mwanga.

"Alama iko juu ya mstari. Haiko kwa yeyote. Na kuna neno hapa. 'Samahani.' Nia ya mpiga kura huyu haieleweki. Imeharibika."

Wazee wawili wakainama juu ya meza. Nikaona kichwa cha baba yangu kikiganda. Nikaona cha Gwil Kondoo kikiganda kando yake. Kisha vichwa viwili vikainuka polepole na macho manne yakanijia.

Baba alimnong'oneza mwenzake, lakini nilisikia. "Duniani kuna mtu mmoja tu anayeiomba radhi karatasi."

Gwil Kondoo akakuna sikio.

"Mtu aliyeshindwa kunikataa gizani, peke yake, na penseli," akasema taratibu, "angenikataaje mchana kweupe mbele ya maofisa?"

"Nami nimekuwa nikijiuliza hivyo hivyo."

"Kwa hiyo alifuata birika?"

"Alifuata birika, Gwilym. Tulilinywea chai."

Mzee yule akanitazama. Sikuwahi kuona uso wake bila bunge ndani yake. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu, na mimi nikahisi mawe yote niliyobeba tangu siku ile ya ngazi yanadondoka, moja moja, kwenye vumbi la mnada.

Furaha yangu haikumaliza hata pumzi moja.

"Kura zikiwa sawa," Bwana Pemberton akatangaza kwenye kipaza sauti, "sheria inaagiza ipigwe kura ya bahati. Naomba kofia."

Kofia zikaruka kama njiwa. Ikachukuliwa ya Idris Kaburi, kwa kuwa ndiyo yenye kina. Bwana Pemberton akapanda jukwaa la dalali. Akachana karatasi mbili, akaandika, akakunja, akatia, akatikisa. Banda lote kimya. Hata kondoo.

Akachomoa. Akakunjua.

"Gwilym Jones!"

Usiniulize kelele ile. Kofia zilizobaki zilipaa. Kwaya ikaanza wimbo, nusu yao ubeti wa kwanza na nusu wa pili. Baba akamkumbatia Idris, Gwil Kondoo akambusu mkewe mdomoni mbele za watu, na Ifan akaruka kizuizi, akaninyanyua, akanizungusha mpaka vifungo vya koti vikaruka.

"Tumeshinda, Luned!"

"Tumeshinda!"

Kisha kelele zikaanza kupungua, kutoka nyuma kuja mbele, kadiri akili zilivyokuwa zinawarudia watu.

"Yupi?" akauliza mtu.

Bwana Pemberton akatazama karatasi. Akaigeuza. Akaingiza mkono kwenye kofia, akatoa ile nyingine, akaikunjua.

"Gwilym Jones," akasoma. Masikio yakamwiva.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwenye banda la pili kondoo mmoja akalia meee, na ghafla kila mtu akaacha kucheka, akaangalia viatu vyake.

"Nitaandika namba za nyumba," akasema Bwana Pemberton.

"Hatuzijui!" banda likamjibu. "Andika majina!"

"Majina gani? Mnawatofautishaje nyinyi?"

 Umati ule wote, na jina lile lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa kila mmoja. Idris alichunguza kucha. Hefina Dirisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa ameona wala kusikia kitu.

Bwana Pemberton akatazama huku na huko kama mtu anayetafuta mlango. Macho yake yakaniangukia. Ndipo nilipokumbuka kwamba koti langu liko wazi.

"Wewe binti! Una tepe zote mbili. Wewe ndiye unawajua wote." Na akashuka, akaniwekea kipaza sauti mkononi. "Huyu anaitwa nani, na huyu anaitwa nani?"

Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye vipaza sauti, kubwa, kama ya ng'ombe.

Nikamtazama baba. Alikuwa na unga kwenye nyusi, na alikuwa ananitazama kama vile tayari nimesema.

"Huyu," nikasema, "ni Gwil Mkate."

"Ndiyee!" watu wakaitikia.

"Na huyu?" akauliza Bwana Pemberton.

Nikamgeukia yule mwingine. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyesimamishwa mbele ya bunduki. Kumbe alikuwa analijua. Siku zote alikuwa analijua jina lile.

"Huyu ni..."

Nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. 

"Huyu ni Gwil Mkwe."

 Kisha Hefina Dirisha akapata sauti yake.

"Ameposa! Jamani, mtoto ameposa mwenyewe, kwenye kipaza sauti!"

Banda likapasuka. Ifan alikaa chini kwenye nyasi kavu kwa kicheko, au kwa kilio, sikujua. Na yule mzee akaitoa kofia yake kichwani, akaishika kifuani.

"Niandike hivyo," akamwambia Bwana Pemberton. "Herufi kwa herufi, usikosee."

"Baba!" Ifan akasema. "Basi harusi ipo!"

"Jina nimelipokea kwa mikono miwili," mzee akasema. "Na la birika limekwisha. Lakini bonde zima linajua niliapa harusi ni siku nitakayorudi bungeni. Mimi nimetolewa kwa kutosema ukweli wote. Sasa nianze tena kwa kuvunja neno?"

"Na mimi nikishinda?" baba yangu akauliza.

"Ukishinda, Gwilym, tutasubiri uchaguzi mwingine. Miaka mitano si mingi, wakipendana."

"Miaka mitano!" Ifan akapiga ukelele.

Baba akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto, kama siku zote. "Luned," akaninong'oneza, "sasa nishindwe au nishinde?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuweza kusema hata ndiyo.

Bwana Pemberton alikuwa ameshaandika. Alikunja, akatia, akatikisa kofia ya Idris mpaka mkono ukamuuma. Mvua ilikuwa imeanza kupiga paa la bati, na paa la mnada wetu huvuja palepale juu ya jukwaa. Akachomoa moja. Akaikunjua. Tone likaanguka katikati ya karatasi, wino ukaanza kutambaa.

Akaisogeza karibu na pua. Lugha yetu kwake ni mlima, na sasa mlima ulikuwa umelowa.

"Gwil," akasoma.

Bonde zima likavuta pumzi.

"M," akasema.

Majina yote mawili yana M.

"K."

Yote mawili yana K.

Bwana Pemberton akasita. Akavua miwani, akatoa leso mfukoni, akaanza kuifuta.